Hatua Saba Nilizomwahidi Msellem

Temeke, Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na nyumba kimya.

Leo tumemzika Msellem. Tuliondoka Pemba pamoja tukiwa vijana, na kwa miaka yote hii hapa Temeke hakuna mwingine aliyeijua nyumba yetu ya kule, mlango wake ulitazama wapi. Sasa sina wa kuulizana naye.

Tuliahidiana zamani: atakayetangulia, mwenzake atalibeba jeneza lake hatua saba. Hiyo ilikuwa kabla kiharusi hakijaulaza mguu wangu wa kushoto, nikavishwa chuma kutoka pajani hadi kiatuni. Gotini kina komeo. Ukisimama unalifunga, ukikaa unalifungua.

Mwezi uliopita nilimwonyesha picha katika jarida la kigeni nililolipata mitumbani Tandika: mtu aliyepooza amevaa mashine kiunoni na miguuni, mota zinamwinulia nyayo, betri iko mgongoni. Bado wanaijaribu. Msellem akaitazama sana.

"Kwa mgao huu wa umeme, bwana, utaganda njia panda kama sanamu!"

Tulicheka mpaka akakohoa.

Sikumwambia kwamba picha ile nimeibandika ukutani.

Alipozidiwa, nilifanya mazoezi uani kila asubuhi, mfuko wa mchanga begani. Nilifikisha hatua kumi.

Leo, baada ya kumswalia, nilikaa kitini nikafungua komeo ili goti lipumzike. Mara jeneza likainuliwa. Sisi Waislamu maiti hatumcheleweshi. Wabebaji walikuwa karibu kukimbia. Jirani akanishika mkono: "Mzee wangu, wewe panda pikapu."

"Pikapu wapande wazee," nikamjibu, nikaingiza bega.

Sikuwa nimefunga komeo.

Goti likakunjika. Mikono ikanidaka, bega jingine likachukua nafasi yangu, na Msellem akaenda. Nikabaki kwenye tope, kofia mkononi. Ile mashine ya ukutani, nadhani, isingesahau.

Nilikataa pikapu mara ya pili. Nikafunga komeo, nikaifuata njia yao peke yangu, na nilipofika makaburini watu walikuwa wanatawanyika. Nikangoja wote waondoke. Kisha nikatembea kando ya udongo mbichi, bega tupu, nikihesabu kwa sauti ili asikie.

Saba.

Msellem alikuwa mbishi wa hesabu. Sijui kama amezikubali.