Waya wa Tatu

Chumba cha Cherehani,
Nyumbani.
Jumapili asubuhi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Kimya,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na mkeo na yule binti yenu mwenye maswali mengi. Natumaini hamjambo, na kwamba mgongo wako umepoa, maana kazi ya kuinamia meno ya bandia ya watu kutwa nzima si mchezo. Sisi huku tu wazima kwa jumla. Mama anatembea, anapika, anagomba. Dada bado ni muuguzi na bado anatuamrisha sote kama tumelazwa wodini kwake. Kaka anakusalimu, ameota kitambi, ukimwona usimwambie nimekwambia. Mimi cherehani zangu mbili zinakwenda, wateja wapo, na ulimi wangu unaujua.

Sasa, binamu, kabla hujaendelea kusoma, kaa chini. Sikutanii. Najua barua zangu zote huanza na utani, na hii nimeianza hivyo kwa mazoea tu. Tangu juzi mchana akili yangu haijarudi mahali pake. Jana jioni, nilipofungua tena duka, nimeshona mkono wa kulia wa koti la mtu upande wa kushoto, na nimeliona kosa lenyewe mwenye koti alipolivaa. Ningekupigia simu, lakini Mama amekataa usikie jambo hili ukiwa umesimama kazini. Anataka liwe kwenye karatasi, ulisome upendavyo, urudie upendavyo. Yeye mwenyewe amejaribu kuandika mara tatu, akaishia kulowesha karatasi. Basi nimepewa mimi.

Nianze na mjomba wako. Kama nilivyokueleza kwenye simu, tangu kiharusi kilipompiga mwezi wa tatu, mkono wake wa kulia umelala na maneno yote yamempotea isipokuwa moja. Anasema "Tatu". Akiamka, Tatu. Ukimpa chai, Tatu. Daktari alitueleza kwamba maradhi haya huweza kumwachia mtu neno moja tu, na mara nyingi neno lenyewe halina maana yoyote.

Sisi tukaona lina maana. Watoto wake ni watatu, mimi ndiye kitinda mimba, basi ananiita mimi. Kila akisema nilikuwa naacha kazi naitika, "Abee Baba, nipo." Naye anatikisa kichwa na kugeukia dirishani. Iliniuma, sikufichi. Nilidhani amenisahau sura, na nikawa naingia jikoni kujifuta macho huku nikisingizia vitunguu.

Huko dirishani alikokuwa akitazama yupo Kobe. Utakuwa unamkumbuka: lile gari kuukuu la kulala ndani, lenye kitanda cha kukunja, jiko dogo na mapazia niliyoyashona mimi, ambalo Baba alizunguka nalo miaka yake yote ya kupima ardhi. Alipostaafu akaliegesha uani, likakaa miaka tisa. Mwaka jana, wiki tu baada ya kumzika mama yako, akaanza kulitengeneza ghafla bila kumwambia mtu sababu. Kiharusi kilimkuta nyuma ya gari hilo, spana mkononi.

Tangu hapo akawa hataki mazoezi. Dada akimshika mkono amnyooshe vidole, yeye anauvuta na kuelekeza fimbo kwa Kobe. Dada akasema wazi kwamba asipofanya mazoezi miezi hii ya mwanzo, mkono hautarudi wala maneno hayatarudi. Tukakata shauri Kobe atengenezwe, labda mzee atatulia. Fundi wa magari alikuja, akafungua, akasema injini za namna hii aliziona kwa babu yake, akaaga. Nikafunga duka wiki nzima, nikavaa suruali ya zamani ya Baba, nikaingia kazini mwenyewe.

Usicheke. Mtu aliyefungua na kufunga cherehani miaka ishirini haogopi skrubu. Na nilikuwa na kitabu cha gari chenye maandishi ya Baba ya penseli pembeni, mwandiko wa mpima ardhi, kila herufi imesimama wima.

Nilijifunza kwamba injini ya Kobe iko nyuma, chini ya kitanda, na haipozwi kwa maji bali kwa upepo wa feni. Jirani yetu mwenye duka la vitabu, ambaye hakuna asilolijua, alikuja na ndoo ya maji akalizunguka gari nusu saa akitafuta pa kuyamimina. Nikamwambia halina rejeta. Akasema nimeiuza.

Nilijifunza pia kwamba injini haina makuu, inataka mambo matatu tu: petroli safi, cheche kwa wakati wake, na mbano ndani ya silinda. Petroli ya miaka tisa ilikuwa imegeuka gundi, nikaimwaga, nikaosha kabureta, nikabadilisha mpira wa petroli. Platini, vile vipande vinavyokata umeme ili cheche itoke, zilikuwa na kutu, nikazisugua kwa msasa laini. Siku ya tatu Kobe akawaka. Baba alikuwa barazani, akapiga fimbo sakafuni kwa furaha. Lakini injini ilikuwa inamisi, inachechemea, silinda moja haifanyi kazi.

Kitabu kinasema ukitaka kumjua mvivu ni yupi, acha injini iunguruke, kisha chomoa nyaya za plagi mmoja mmoja kwa kitambaa kikavu. Ukichomoa waya na injini ikayumba, silinda hiyo ilikuwa kazini. Ukichomoa na injini isijali, huyo ndiye asiyekuwepo.

Nikaziangalia zile nyaya nne. Kila mmoja umezungushiwa plasta ya hospitali, na juu yake mwandiko wa Baba: Kwanza, Pili, Tatu, Sindano. Kwanza ni Kaka, Pili ni Dada, ndivyo anavyowaita tangu utoto. Sindano ni mimi. Na Tatu, nikasema, ni mimi pia. Nikacheka peke yangu uani. Kumbe mzee ananipenda hivi, amenipa silinda mbili.

Nikachomoa Kwanza, Kobe nusura azime. Pili, vilevile. Sindano, vilevile. Nikachomoa Tatu, na injini ikaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nikazima, nikafungua plagi zote nizisafishe. Wakati wa kurudisha nikachanganya nyaya mbili, wa Tatu nikauweka kwa Sindano na wa Sindano kwa Tatu. Wala sikusahau, niliziona plasta kwa macho yangu. Nilichosema moyoni ni kwamba si zote mbili ni mimi, kuna tofauti gani? Nikawasha.

Kobe alipiga mshindo, nyumba ya pili wakafungua madirisha. Moshi mweusi, na mshindo mwingine. Na Baba, ambaye miezi mitatu hajasimama bila kushikwa, akasimama. Akaja akijishika ukutani, akaniwekea kidole cha kushoto kifuani na kutikisa kichwa. Akaigusa plasta yenye neno lake lile: "Tatu." Akatikisa kichwa tena kwangu. Kisha akaigusa ile ya Sindano, akanitazama, akanionyesha vidole vinne.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni na beseni la vyombo. Akaliweka chini, naye akakaa chini palepale kizingitini.

"Anasema kweli," akasema. "Wewe ni wa nne."

"Wa tatu ni nani?" Niliuliza hivyo nikidhani nitaonyeshwa kaburi.

"Kimya," akasema Mama.

Nikanyamaza. Nilidhani ananiambia nikae kimya. Tukatazamana hivyo, mimi nikingoja anijibu, yeye akingoja niseme neno, injini inafuka moshi, Baba amejishika ukutani. Mwisho nikaona hasira, nikasema, "Mama, mimi si mtoto, nijibu."

"Nimeshakujibu. Kimya. Huyo wa kwa shangazi yako."

Nimeandika, nimeacha kalamu, nimezunguka chumba, nimerudi. Ndiyo. Ni wewe. Nimerudia kumuuliza Mama mara ngapi sijui, na kila mara jibu ni lilelile.

Alikuzaa yeye. Ulipozaliwa hukulia, ndiyo asili ya jina. Baada ya uzazi Mama akaugua vibaya, akalazwa miezi mitano, hakuweza kukunyonyesha hata mara moja. Shangazi, ambaye alikuwa ameshazika vichanga viwili, akakuchukua akulee mpaka Mama apone. Mama alipopona akafunga safari kuja kukuchukua. Anasema alikukuta umelala kifuani kwa shangazi, na shangazi hakukataa, alianza tu kufunga nguo zako moja moja. Mama akanywa maji, akaaga, akarudi bila wewe. Mwaka uliofuata akanizaa mimi.

Wakakubaliana kwamba atakayekwambia ni shangazi mwenyewe, siku atakayoweza. Kila mwaka alisema mwakani. Kaka na Dada walikuwa wadogo mno hawakumbuki kitu. Juzi walipoelezwa, Dada alisahau hata kutuamrisha. Tuliporudi kutoka kumzika shangazi, Baba akamwambia Mama kwamba sasa zamu ni yake yeye Baba. Hakutaka simu wala barua. Alitaka aje kwako kwa gari lake, alale njiani, akukute uso kwa uso akwambie. Ndiyo maana ya Kobe.

Sijui ukisoma hapa utafanya nini. Mimi nilikwenda kukaa ndani ya Kobe nikafunga mapazia. Kwanza nilikumbuka kwamba nilikuwa nakuita mchumba mbele ya wageni, na siku ya harusi yako nikamwambia mkeo ameniibia. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Baadaye nikapandwa na hasira. Nina hasira na Mama, na nimemwambia. Nina hasira na shangazi, nami nilimpenda sana, na sina tena mahali pa kumwambia. Nawe ukiwa na hasira hakuna hapa atakayekulaumu, na ukisema mama yako ni yule aliyekulea, Mama mwenyewe amesema hilo ni kweli na lisiguswe.

Jana asubuhi, injini ikiwa baridi, nilirudisha nyaya mahali pake nikafungua kifuniko cha valvu, ile milango midogo ya silinda. Kwenye kitabu Baba alikuwa ameweka alama ya vema kwa Kwanza na kwa Pili. Kwa Tatu hapakuwa na alama. Hapo ndipo alipoanguka. Valvu yako ilikuwa imekazwa mno, haifungi, mbano wote unavuja. Inatakiwa iwe na nafasi nyembamba kuliko uzi. Nikalegeza na kupima, Baba kwenye kigoda pembeni akiniongoza kwa kidole cha kushoto, juu kidogo, chini kidogo, mpaka akafumba ngumi. Nikamalizia na ya kwangu.

Kobe akawaka, na hakumisi hata mara moja. Nilichomoa waya wa Tatu kujaribu, gari zima likayumba.

Sikuwahi kuwaza Baba angefanya alichofanya. Akajikokota mpaka mlango wa mbele, akapanda, akajifunga mkanda kwa mkono mmoja, akatazama barabarani. "Tatu," akasema. Alikuwa tayari kwa safari. Dada akamweleza kwa upole kwamba siku mbili njiani zitamuua. Akakataa kushuka. Kaka akaja kumsihi, Baba akakataa. Jua likapanda, chakula kikapoa, mzee yuko kitini na mkanda wake. Alishuka adhuhuri, baada ya Mama kumwahidi kwamba nitakuandikia na kwamba barua itaondoka Jumatatu.

Kwa hiyo nakuomba uje, na usikawie. Si lazima umwite Baba. Mwite Mjomba kama ulivyozoea, au usimwite chochote, ukae tu. Ila akisema neno lake, itika wewe. Mimi nimeitika miezi mitatu, na kumbe si mimi aliyekuwa akiitwa.

Nisalimie mkeo, mwambie nimerudisha uchumba. Mbusu binti yenu; ana bibi mwingine huku, na babu. Kaka na Dada wanakusalimu, wote wawili wameniuliza waandike nini na wote wawili wamekosa. Mama nilimuuliza kama ana neno, akasema nikuandikie hivi tu: "Mwambie nilikwenda kumchukua."

Mungu akutie nguvu mahali unaposomea haya, na akufikishe salama.

Ni mimi nikupendaye, mdogo wako uliyemwachia ziwa,

Sindano