Viatu Vyeupe vya Mistari Mitatu

Jumamosi, 2 Agosti

Tangu asubuhi nafua viatu vya ndani, jozi kumi na moja. Vile laini vya sponji vinavyokaa ndani ya kile kigumu cha matairi. Vinanuka miguu ya watu wa Ulaya nisiowajua. Vidole vimenikunjamana kama vya bibi. Sijali. Shabani kapita, kanimwagia povu shingoni makusudi, kakimbia.

Mume wangu! Wiki ya tano leo, na bado nikiandika neno hilo natabasamu peke yangu.

Shoga zangu wameolewa na walimu, mafundi seremala, mmoja na askari. Mimi nimeolewa na mtu anayevaa viatu vya matairi, anaruka ngazi tatu na kuserereka juu ya bomba la chuma huku amekunja mikono kama anasubiri chai. Anafundisha wengine, na viatu anauza. Uwanja wetu ni sakafu ya godauni la zamani, njia ya kwenda Kaole. Paa halipo siku nyingi. Sakafu imebaki laini kama sinia.

Jumapili ya wiki ijayo maonyesho. Watu watatoka hata Dar. Nina wasiwasi kama ni mimi nitakayeruka.

Jumapili, 3 Agosti

Robota jipya la mitumba. Tumelifungua sisi wawili. Kanifundisha kupanga viatu, nayaandika yasinitoke.

Mstari mmoja wa chaki ndani ya ulimi wa kiatu: anayeanza. Kiatu cha ndani kinene, kifundo kimeshikwa sawasawa, matairi manne yote yanagusa chini.

Mistari miwili: aliyekwisha kujua kugeuka, kusimama, kuanguka bila kuumia. Hapo matairi mawili ya katikati ni madogo na magumu, bomba lipate pa kupita.

Mistari mitatu: bingwa. Matairi madogo kama ndimu, mawili tu, moja mbele moja nyuma, katikati pengo tupu. Soli pana, ngumu. Ukiingia bombani kinakwenda kama kimepakwa samli. Anayeanza hawezi hata kusimama ndani yake.

Na anayetaka kutembea barabarani tu asipewe hivi kabisa. Apewe vya matairi makubwa.

Mistari mitatu robota zima imetoka jozi moja. Vyeupe. Namba 40. Vizuri mno, kama vya bi harusi.

Alasiri kaja mwalimu mmoja wa Kerege, mnene, hajavaa hata siku moja. Kaona vyeusi vya zamani vya mistari mitatu kwenye kamba, anavitaka hivyo hivyo. Shabani kamwambia, "Mwalimu, mtoto wa darasa la kwanza unampa hesabu za kidato cha nne?" Mwalimu kacheka, kachukua vya mstari mmoja, kaanguka navyo mara mbili kabla ya kufika getini.

Halafu mume wangu akasema mbele ya wote: kuanzia leo benchi la kupima ni la mke wangu. Akisema ndiyo, ni ndiyo. Akisema hapana, na mimi nimesema hapana.

Nilitaka kulia. Nani kapewa mahari nzuri kuliko hiyo?

Jumanne, 5 Agosti

Shabani yuko Dar, kafuata beringi za matairi. Nyumba kubwa bila yeye. Nimelala na shati lake.

Wifi kaja kwenye benchi. Wifi Mwanaidi, mdogo wake Shabani, tunaishi naye hapa pamoja na mama mkwe. Tangu niingie nyumba hii ananiangalia kama mgeni aliyechelewa kuaga. Anavaa mstari mmoja. Kaka yake kamwambia mistari miwili bado miezi miwili. Yeye kashawaambia rafiki zake kwamba Jumapili atapita juu ya bomba.

"Wifi, nipe vile vyeupe."

Nikasema kaka yako hajaruhusu.

"Kaka yangu yuko Dar. Benchi la nani?"

Akainama, akasema polepole, "Siku ya harusi mlango wa chumba nimeushika mimi. Wenzangu walitaka bwana harusi akeshe barazani akibembeleza. Nani aliwaambia basi inatosha?"

Ni kweli. Ni yeye. Mawifi wanashika mlango, ndiyo ada yetu, na wakikuchukia unakesha. Yeye aliufungua mapema. Sikuwahi kumlipa wema ule.

Nikampa.

Na si kumpa tu. Yeye anavaa 38. Viatu ni 40. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema usijali. Mama alininunulia viatu vya shule kidato cha kwanza nikavivaa mpaka cha tatu. Pamba mbele, soksi mbili. Nikatia pamba, nikachana kipande cha khanga yangu nikakishindilia kwenye vidole. Vikamkaa. Nilijiona mjanja sana.

Wifi akanikumbatia. Kwa mara ya kwanza. Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Jumatano, 6 Agosti

Shabani hajarudi. Wifi anafanya mazoezi kwenye bomba la chini, lile linalofika kwenye ugoko. Nimesimama kumtazama.

Kisigino kinapanda. Akikunja goti mbele, kisigino kinapanda ndani ya kiatu. Mguu unakwenda kushoto, kiatu kinafuata baadaye.

Shabani alinionyesha Jumapili ile ile. Ukikunja goti vidole vinarudi nyuma kidogo na kisigino kinakaa chini, kimya. Kisipokaa, kiatu si chako. Niliitikia kwa kichwa kama nimeelewa. Sikuelewa. Kiatu cha shule mguu ndio unakibeba. Hiki kinambeba mtu mzima hewani.

Nimemwambia wifi. Kasema kazoea.

"Halafu pamba kaweka nani? Mimi?"

Nimepika wali, umeungua.

Alhamisi, 7 Agosti

Karudi! Kaniletea udi na pipi za tangawizi. Kanishika mkono mbele ya mama yake bila haya. Kwa dakika kumi nilikuwa mwanamke mwenye bahati kuliko wote Bagamoyo.

Halafu akaenda kuangalia viatu.

Kauliza vyeupe viko wapi. Nimesema nimeviosha, vinakauka. Kauliza, "Hakuna aliyevivaa?"

Nimesema hakuna. Wifi yuko mlangoni, anasikia.

Mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake. Uongo wa kwanza katika ndoa yangu nimeusema tumeshikana mikono. Udi umenuka nyumba nzima na mimi sikuusikia.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikukuu ya Nanenane. Wanaume wako msikitini, uwanja mtupu. Wifi kaona ndiyo nafasi yake.

Kaanguka. Nimesikia kabla ya kuona. Kiatu kilikwama bombani, mguu ukazunguka ndani yake peke yake. Hakupiga kelele. Kauma ncha ya khanga.

Nimemsugua kwa mafuta ya nazi ya moto. Kifundo kimevimba upande wa nje. Nikamwambia namweleza Shabani leo hii. Akanishika kiganja, akakibana.

"Mwambie. Na mimi nitamwambia nani alipima, nani alishindilia khanga, nani alisema vinakauka. Tuone kitandani utalala na nani."

Halafu akalia. Kasema Jumapili asipopita pale juu atachekwa na kila mtu, maana kajisifu mno. Nami nikamhurumia, mjinga mimi.

Chakula cha usiku kapita mbele ya mama yake amenyooka kama mwanajeshi. Nilihesabu kila hatua. Mama kasifu mchuzi. Shabani kaniuliza mbona huli.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijala. Nimemwaga chumvi. Nimempigia mama yangu simu, nikaishia kumuuliza bei ya unga.

Nimejaribu kumwambia mara tatu. Ya kwanza alikuwa juu ya ngazi anafunga bendera. Ya pili alikuwa anaimba. Ya tatu alinigeukia akasema, "Mke wangu, kesho mambo yatakuwa mazuri, eh?" Nikasema inshallah.

Nampenda mno. Au ni hofu. Siwezi tena kutofautisha.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike yote.

Watu walijaa toka saa nane. Muziki mkubwa. Vijana wa Dar na kofia zao. Mwalimu wa Kerege kaja na familia, anazunguka pembeni kwa vya mstari mmoja, haanguki tena, anapungia watu mkono. Mama mkwe kwenye kiti cha mbele na baibui jipya.

Bomba la juu linafika kifuani kwangu. Unapanda jukwaa la mbao, unasukuma, unaruka juu yake, unaserereka, unashuka upande wa pili kwenye saruji.

Shabani alikuwa chini na kipaza sauti, anawaita mmoja mmoja. Wifi kaja na shela refu linaloficha miguu. Alipolivua nikaona vyeupe. Kavikaza mpaka kamba zimeingia kwenye ngozi. Shabani kaviona sekunde ile ile. Nimemwona akisita. Nadhani alifikiri nimempima mimi, na nikisema ndiyo, basi ni ndiyo. Alisema hivyo mwenyewe mbele ya watu.

Hilo ndilo lililonivunja. Hakunishuku. Kwa sababu ya neno langu angemwacha dadake aruke.

Wifi alikuwa wa tatu kwenye mstari. Wa kwanza akaenda. Makofi. Wa pili akapanda.

Nilivuka uwanja. Katikati kabisa, mbele ya kila mtu, kandambili zangu zinapiga kelele. Nikamwambia sikioni, "Vile viatu si vyake. Ni arobaini. Nimetia pamba. Ijumaa aliteguka mguu. Nilikudanganya."

Kanitazama. Sitausahau mtazamo ule. Hakukuwa na hasira. Alikuwa kama mtu anayesoma kibao cha njia na kukuta mji si ule.

Kaweka kipaza sauti chini. Kapanda jukwaani. Kapiga goti mbele ya Mwanaidi, kashika kiatu kwa mikono miwili, kamba zikiwa zimefungwa hivyo hivyo, kavuta.

Mguu ukatoka. Wote. Pamba ikatoka nyuma yake, na kile kipande cha khanga yangu, chekundu, kikaning'inia mbele ya watu wa Bagamoyo na Dar. Kuna walioangua kicheko. Halafu wakaona kifundo. Kimejaa kama andazi, kimeanza kuwa buluu. Kicheko kikakatika.

Wifi alinitafuta kwa macho.

"Umeniuza, wifi! Mbele za watu!"

Na mama mkwe, bila kuinuka, "Bi harusi, siku zote hizi tunakula sinia moja, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa najua, mama.

Wamempeleka hospitali. Mimi nimebaki kukusanya viatu. Hakuna aliyenisaidia ila mke wa mwalimu. Kafunga kamba kimya, jozi kwa jozi, halafu kasema pole, kaondoka.

Shabani karudi magharibi imeshaingia. Mfupa mzima, mguu umeteguka tu. Daktari kamwambia kwa uvimbe ule, kuruka toka kimo kile, ungevunjika na pengine usirudi sawa. Nimepiga magoti. Nimeomba msamaha mpaka maneno yakaisha. Nikangoja anigombeze.

Kasema sentensi moja.

"Alhamisi nilikuuliza."

Jumatatu, 11 Agosti

Shabani kapima wateja mwenyewe leo. Nimekaa jikoni nikisikia sauti yake: kunja goti, kisigino kimepanda? Simama. Tena. Mtu mmoja kamwomba namba kubwa ili mwanawe akue nayo. Kamkatalia. Kaeleza kwa upole sana. Kila neno nililisikia.

Mama mkwe kaitikia shikamoo yangu. Marahaba, basi.

Jumatano, 13 Agosti

Shabani bado hanitanii. Lakini leo kauliza kama nimekula. Nikasema sijala. Kasukuma sahani yake katikati. Tumekula, vidole vyetu vinakutana kwenye wali. Nimeshukuru kwa kila tonge.

Nampenda. Wiki ya kwanza nilimpenda kwa kuruka kwake. Sasa nampenda na naogopa kumpoteza, na hili la pili linauma zaidi, na sitaki liondoke.

Alhamisi, 14 Agosti

Asubuhi tulivu. Upepo wa kusi, baridi kidogo. Nimebeba ungo wa mchele uani. Wifi yuko kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa bendeji mpaka katikati ya muundi. Siku nne hajanisemesha. Nikaanza kuchambua nimesimama.

Kauliza, bila kunitazama, kama mguu ukipona mwezi ujao atavaa vile vyeupe.

Nikasema hapana.

"Mwezi wa kumi na mbili?"

Hapana. Arudie mstari mmoja, namba 38. Tukiona kisigino kinakaa, miwili. Vyeupe si vyake hata mwakani, maana mguu wake haukui tena.

Kafyonya. Kaniita jeuri. Kasema ningekuwa na mdomo huo Jumanne ile, leo asingekuwa analala na mguu juu ya mto.

Nikasema ndiyo.

Kuku wa jirani kaingia, katoka.

Halafu kauinua mguu wake kwa mikono miwili, polepole, akausogeza upande wa ukutani. Kitanda kikabaki na nafasi.

Nikakaa. Ungo nikauweka katikati yetu. Akatia mkono, akaanza kutoa mawe.