Kikao cha Dharura Kuhusu Joto la Karakana Mpya

CHAMA CHA WASHONAJI
Tarehe: 14 Februari, saa 4:00 asubuhi
Mahali: Nje ya karakana, kivulini (ndani hapakukalika)
Waliohudhuria: Mwenyekiti (mshona suti), Mama Vifungo (mhazini), Katibu (mchoraji wa jengo hili), washonaji wengine, na Fundi Mwashi (baba mzazi wa Katibu, mwalikwa)
Hakuhudhuria: Mpiga Pasi (alizimia kazini Jumanne, bado amelazwa)

KUMB. NA. 1/3: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Zilisomwa. Ilionekana kwamba Fundi Mwashi alipoomba matundu ya hewa juu ya kuta, Katibu alimjibu: "Mzee, siku hizi jengo linapimwa kwa kompyuta, si kwa kunusa upepo." Wajumbe walicheka. Katibu aliomba sentensi hiyo ifutwe. Mama Vifungo alisema, "Thubutu! Ibaki hapohapo."

KUMB. NA. 2/3: JOTO
Mwenyekiti aliuliza ilikuwaje programu ya kompyuta ya Katibu iseme karakana haitahitaji hata feni, ilhali jasho linadondokea nguo za wateja. Katibu alifungua kompyuta, akaonyesha kuta, bati, madirisha na njia ya jua, vyote sahihi. Kisha akaanza kuifunga. Mwenyekiti alimwambia, "Sema tu, hatukuli."

Katibu alikiri kwamba programu iliuliza ndani watakaa watu wangapi na zitawaka pasi ngapi. Kwa haraka ya kuwahi kikao, aliacha sifuri. Jengo lilipimwa tupu.

Mama Vifungo aliuliza, "Yaani sisi wote ishirini na wawili hatukuwemo?"

Katibu alijibu kwamba hawakuwemo. Alikiri pia kwamba aliligundua kosa hilo kuta zikiwa zimefika kiunoni, akaona aibu kumwambia baba yake, akauchuna. Anayaandika haya uso umemshuka, na laiti ardhi ingepasuka angeingia. Safari hii hakuna aliyecheka.

KUMB. NA. 3/3: HATUA
Mwenyekiti alimwomba Fundi Mwashi aseme neno. Alisema kuta atazitoboa Jumamosi, juu, pande zote mbili, mwanawe akishapima upya na watu wakiwemo. Kisha akamgeukia Katibu: "Leo twende hospitali. Hayo uliyotuambia sisi, kamwambie Mpiga Pasi. Nitakaa na wewe mpaka umalize."

Katibu aliuliza kama haiwezekani kumwandikia barua.

Kikao kilifungwa saa 5:10, kwa kuwa Fundi Mwashi alikuwa ameshasimama, anamngoja mwanawe.

Mwenyekiti: (sahihi)
Katibu: (sahihi)