Nusu Kidonge

Machi 4

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi na shangazi tu wazima. Kazi ya fotokopi nimeizoea, ila shangazi ananiita Bubu kwa sababu wateja wakiniuliza bei nawaonyesha vidole. Wewe je, afya? Nauliza kwa kuwa mistari ya barua yako ya mwisho imepandana, mmoja juu ya mwingine. Uliiandika umesimama?

Mwanao

Machi 15

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, na cherehani nayo haijambo. Niliandika nimekaa. Kuna doa katikati, kama mtu amepaka mafuta kwenye kioo, na nikifikicha macho haliondoki. Wiki iliyopita nilimshonea mwalimu mkuu shati lenye mikono miwili ya kushoto. Akaniambia, "Fundi, wa kulia pia ninao." Tulicheka, kisha nikaenda kituo cha afya.

Daktari alinimulika ndani ya macho. Anasema presha imeumiza mishipa midogo nyuma ya jicho, damu inavuja, na miwani haisaidii. Nimeze dawa ya presha kila siku. Usihangaike, ninayo. Nakata kidonge nusu kwa mkasi wa nyuzi, dawa ya mwezi inafika miezi miwili, sipangi foleni kila mara. Kizima kinanipeleka chooni kila saa na wateja wamesimama. Tena kichwa hakiumi. Shangazi yako asijue.

Mama yako

Machi 22

Mama,

Shikamoo. Sijatulia tangu nisome barua yako. Mtu anaomba kopi mbili, natoa ishirini. Jana nilikwenda duka la dawa, nikafika mlangoni, nikarudi. Mara tatu. Mara ya nne muuza dawa akanifuata nje. "Binti, unanunua au unanilinda?"

Nikamweleza. Akauliza, "Hiyo nusu kaandikiwa na nani?" Nikamwambia ni wewe mwenyewe. Akasema presha haipigi hodi, kichwa kinaweza kutulia huku jicho linaharibika. Kama choo ni kero, mwambie daktari aibadilishe dawa. Usijipunguzie mwenyewe.

Mama, sijawahi kukuambia fanya hivi au vile. Leo nakuambia. Meza kizima.

Mwanao

Aprili 9

Mama,

Shikamoo, na pole na kazi. Kila mchana nakwenda posta, na karani ananitikisia kichwa kabla sijafika dirishani. Hata kama umenikasirikia, niandikie.

Mwanao

Aprili 20

Mwanangu,

Hujambo? Mwandiko huu ni wa jirani yetu muuza mkaa. Sikukukasirikia. Niliona aibu. Barua yako ilinikuta bado nakata, nikasema acha nimalize sare za shule kwanza. Siku ya nne niliamka jicho la kushoto halioni katikati, na la kulia bado lina lile doa. Nikikutazama kwenye picha ukutani naona masikio tu.

Daktari anasema kilichopotea huenda kisirudi chote. La kulia bado linaweza kulindwa, presha ikishuka. Atanipima tena tarehe tano Mei. Dawa wameibadilisha na sasa nameza kizima, ingawa kuna siku mbili nimeruka. Mishono mirefu naiendesha kwa vidole. Vitundu vya vifungo vimenishinda.

Usije. Umepata kazi, itunze. Sitaki wateja waone fundi anashikwa mkono na mtoto. Jirani anasema mimi mbishi. Nimemwambia aandike na hilo.

Mama yako

Aprili 27

Mama,

Shikamoo. Msalimie jirani, mwandiko wake unasomeka.

Umesema nisije, nami sijazoea kukupinga. Lakini nimemwomba tajiri wangu wa duka la fotokopi ruhusa ya wiki mbili. Alidhani ni mtu mwingine anayeongea, akaangalia nyuma yangu.

Sitakushika mkono mbele ya mtu. Nitakaa ndani nishone vitundu vya vifungo, na vikiwa vibaya utavifumua. Tarehe tano daktari anakupima tena. Nitakaa kando yako, na ukimwambia hujaruka hata siku moja, nitamwambia ni mbili. Nitatetemeka, lakini nitasema.

Kama unataka kunigombeza usipoteze karatasi. Nafika Jumamosi.

Mwanao