Kiuno cha Kamba

Mwimbi, 14 Mei 1973

Dada Tusekile,

Shikamoo dada. Kifua chako kimepoa? Mimi mzima, ila goti limechubuka. Sketi imenaswa tena na mnyororo wa baiskeli, nikaanguka mbele ya wakulima wangu. Bibi shamba gani huyu!

Naomba unishonee suruali pana, imwagike mapajani na kubana vifundoni, mnyororo usiishike. Kiuno chagua wewe, mpira au kamba. Lakini dada, naogopa. Tarehe mbili Juni nina mkutano huko mjini, na nasikia vijana wa chama wanaokagua mavazi wanasimama stendi na chupa ya soda. Wanaitumbukiza kiunoni, isipotokea mguuni, basi suruali inabana, wanaikata kwa mkasi. Ni kweli?

Mdogo wako,
Atusaye

Majengo, 21 Mei 1973

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua kimepoa. Goti lipake mafuta, acha ubishi.

Ni kweli. Juzi walimkamata Zita, binti wa jirani. Suruali yake ilikuwa ya kiuno cha mpira. Kijana mmoja aliivuta tu, ikashuka mpaka magotini, stendi nzima ikacheka. Mpaka leo hatoki nje. Kwa hiyo mpira sitii. Nimekupitishia kamba ndani ya pindo pana, nikaishikiza nyuma kwa uzi isichomoke, na ubavuni vifungo. Wakivuta, haishuki. Eustaki wa lori anakuletea. Ila mjini njoo na gauni, nakusihi!

Dada yako,
Tusekile

Mwimbi, 29 Mei 1973

Dada,

Shikamoo. U hali gani? Suruali imenikaa, jamani, napanda milima bila kushikashika nguo! Lakini leo nimefunga mlango nikaijaribu kwa chupa. Imeteremka vizuri, paja, goti, ikafika kifundoni ikakwama. Mungu wangu, kule chini tulikusahau! Nikifumua mshono wa vifundoni, mnyororo utainasa. Na lori la Eustaki limeharibika, lazima nije kwa baiskeli. Gauni nitalitia mfukoni, nibadili kabla ya kuingia mjini. Niombee.

Mdogo wako,
Atusaye

Mwimbi, 4 Juni 1973

Dada,

Shikamoo. Usishtuke, mimi mzima. Hukuniona kwa sababu sikufika. Vijana hawakuwa stendi, walikuwa wamesogea mpaka kwenye mikaratusi nje ya mji, pale pale nilipotaka kubadili. Chupa ikakwama. Wakavuta kiuno, wakavuta kwelikweli, hakikushuka, dada. Hakikushuka! Walipolikuta gauni mfukoni wakasema kumbe nilikusudia kuwahadaa, wakalichukua, kisha wakakata miguu yote miwili ya suruali mpaka mapajani. Nililia kwa sauti. Mama mmoja muuza kuni akanifunga kanga yake, akanigeuza njia ya nyumbani.

Sasa naogopa zaidi kuliko siku ile. Waliutazama mshono, wakauliza fundi ni nani, maana naye wanamtaka. Nikasema nimeshona mwenyewe. Hawakuamini. Wameondoka na kipande, watapita nacho huko Majengo kwa kila mwenye cherehani. Choma mabaki ya kitambaa leo hii, usingoje kesho. Barua zangu pia. Na wakikutajia jina langu, sema hunijui.

Mdogo wako,
Atusaye