Faili ya Watoto Watatu

Mjukuu wangu mpenzi Mwende,

Hatujambo huku ughaibuni, Rashidiya. Shangazi yako bado ana zamu ya asubuhi hotelini, na mwanawe ninayemlea ameota jino la pili.

Umeniuliza kama hizo faili za watoto, ambazo mkubwa wako wa ofisi ya ustawi wa jamii ya kaunti hukurudishia uziandike upya, zina faida yoyote.

Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi, na wajomba waliamua kutugawana, mimi na wadogo zangu wawili. Afisa wa ustawi wa jamii akaja kwa miguu. Aliwasikiliza wajomba, kisha akaketi nami mlangoni.

"Na wewe unataka nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Tusitenganishwe." Akaandika, akawasomea. Mjomba mkubwa akasema atatuchukua sote.

Mwaka uliofuata akaja afisa mwingine, mwanamume nisiyemjua. Mkubwa wao alimtuma aangalie kama tulikuwa pamoja kweli. Akafungua faili, akanitazama.

"Wewe ndiye Nduku, uliyesema msitenganishwe?"

Nilipigwa na butwaa. Maneno yangu ya kitoto yalikuwa yametunzwa na serikali mwaka mzima, mpaka mgeni akayajua!

"Wenzako wako wapi?"

Nikawaita. Walitoka shambani mbio, matope miguuni, naye akasimama akawapa mkono mmoja mmoja, kama anavyosalimiwa mtu mzima.

Mungu akutunze kazini.

Nyanya yako,
Nduku