Kipande Alichokata Mama

Jumatatu, 5 Mei
Nimeharibu tena. Jani la nne la mahindi leo, wembe wa pili. Vipande vyangu vinene, mwanga haupiti, kwenye hadubini naona giza la kijani tu. Mwalimu Nekesa anataka kipande chembamba, kilichokatwa kwa upana, mishipa yote ionekane. Nikikosa narudia somo. Wenzangu hapa chuoni Bukura washamaliza. Nina hasira.

Jumamosi, 10 Mei
Nyumbani Ekero. Mama yuko sokoni, anawakatia wateja sukuma wiki. Hana ubao. Anakunja majani mkononi, anabana, kisu kinapita, yanaanguka membamba kama nyuzi. Nikampa wembe na jani langu la mahindi. Akanicheka: "Wewe unakatanga kama unapasua kuni!" Akalifunga ndani ya jani la sukuma, akabana, akakatia kwenye bakuli la maji. Akataka kujua ndani ya jani kuna nini mpaka lisomewe chuo. Nimemwahidi siku ya wazazi ataangalia kwa jicho lake. Miguu yake imevimba. Anasema ni kusimama tu.

Jumatatu, 12 Mei
Subhanallah! Kipande alichokata Mama, mwanga unapita. Nimetia rangi nyekundu. Mishipa imejipanga sambamba, kila mmoja umezungukwa na seli kubwa kama shanga. Mirija ya maji juu, ya chakula chini. Matundu ya kupumulia pande zote mbili. Kwenye ngozi ya juu, zile seli pana zinazolikunja jani jua likiwaka. Nimekiweka kati ya vioo viwili na kuziba kingo kwa rangi ya kucha ya Khadija, ninayelala naye chumba kimoja, kipande kisikauke.
Mwalimu akaita darasa zima. Akauliza nani amekata. Nikasema mimi. Limenitoka tu.

Alhamisi, 22 Mei
Siku ya wazazi keshokutwa. Mama amepiga simu mara mbili. Ameshafua buibui. Akija atamwambia kila mtu amekata yeye, Mama hajui kuficha neno. Nimemwambia imeahirishwa.
"Haya, inshallah siku ingine." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 24 Mei
Mama yake Khadija amechungulia kipande kwenye hadubini, akasema mashallah. Nikaenda chooni nikalia. Jumamosi ijayo namleta Mama, na Mwalimu nitamwambia ukweli mbele yake. Nimeapa.

Jumatano, 28 Mei
Mama amekufa. Alianguka alfajiri akifunga mafungu ya sukuma. Moyo, wamesema hospitalini. Tumemzika alasiri. Innalillahi.
Buibui lilikuwa limekunjwa juu ya sanduku, viatu vya kutokea kando yake. Nilimdanganya. Sina neno lingine.

Jumatatu, 9 Juni
Nimerudi chuoni. Nimemwambia Mwalimu Nekesa yote. Akasema nitakata upya.
Nikafunga jani la mahindi ndani ya jani la sukuma, nikabana. Sita vinene. Cha saba, mwanga ukapita.
Kwenye kioo chenye kipande cha Mama nimebandua jina langu. Nimeandika lake: Mwanaisha, Ekero. Nimekiangalia mpaka wakaja kufunga maabara. Yeye hakuwahi kukiona.